Namba ya Siri ya Mama Stempu

Mama Stempu hakuwa msahaulifu. Hilo tuliweke wazi mapema, maana katika habari hii wapo watakaomwita msahaulifu, na yeye mwenyewe atakubali kwa kichwa kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Mwanamke huyu alikaa dirisha namba mbili la posta miaka thelathini na moja akilipa hawala za fedha, na sahihi za watu alizijua kama anavyozijua nguo zake. Ukimpelekea karatasi yenye sahihi ya mumeo uliyoiandika wewe jikoni, alikuwa anakutazama kwa juu ya miwani, kisha anasema taratibu, "Mumeo leo ana mwandiko wa kike." Basi unakusanya aibu yako na kurudi nyumbani.

Jina la Mama Stempu alipewa na wenzake kwa sababu ya namna alivyogonga mhuri. Wengine walikuwa wanaugusisha tu. Yeye alikuwa anauinua hadi usawa wa sikio, anaushusha kwa nguvu, na vikombe vya chai vya meza ya jirani vinaruka. Alikuwa anasema pesa ya mtu haiombewi radhi, inagongwa, mwenyewe asikie kwamba ameipata.

Sasa sitaki kukudanganya kwamba zamani kulikuwa na raha. Watu walikuwa wanatoka alfajiri, wanapanga foleni, halafu Mama Stempu anawaambia hawala haijafika, warudi Alhamisi. Alhamisi wanarudi, anawaambia Jumatatu. Wapo waliomlaani, na hakuwalaumu. Siku hizi wakala yuko kila kona, na pesa inayotumwa na mtu aliye mbali inaingia kabla hujamaliza kusema amina. Ila kwenye hawala za posta kulikuwa na nafasi, chini kabisa, ya kuandika maneno machache bila malipo, na watu waliijaza mpaka pembeni. Mguu wa baba unaendeleaje. Mwambie mdogo wangu aache utoro. Nimeota niko nyumbani. Wasiojua kusoma alikuwa anawasomea yeye, kwa sauti ya chini, na wengine walimwomba arudie. Aliwahi kumsomea mama mmoja mistari miwili mara nne, foleni nzima ikinung'unika nyuma, na pesa yenyewe yule mama akaisahau kaunta ikabidi akimbizwe nayo.

Posta ilipoanza kukosa wateja, madirisha yalifungwa moja baada ya jingine. Mama Stempu alistaafishwa kwa cheti na saa ya ukutani. Dirisha namba mbili limepangishwa kwa mtu anayeuza makava ya simu, na Mama Stempu akipita pale huwa anageukia upande wa pili wa barabara.

Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyepewa jina la babu yake mzaa mama. Kwa sababu hiyo Mama Stempu hakuwahi kumwita jina, alimwita "baba" tangu yuko kwenye nepi. Na huyo baba, tazama mambo ya dunia, alikwenda kuajiriwa na kampuni ya kutuma pesa kwa simu, hiyo hiyo iliyoyafunga madirisha ya mama yake. Kazi yake ilikuwa huduma kwa wateja. Alikaa mji mkubwa, saa tisa kwa basi, ndani ya ukumbi wenye watu mia mbili waliovaa visikilizio masikioni, akiwaelekeza wageni waliofungiwa akaunti na kuwatuliza waliotuma pesa kwa namba isiyo sahihi. Mama alimtania kwamba amehamia kwa adui. Kijana akajibu, "Mama, mimi niko dirishani kama wewe. Dirisha tu ndilo halionekani."

Pesa ya matumizi ilikuwa inaingia kila tarehe tano, saa mbili na dakika moja asubuhi. Mwanzoni Mama Stempu alifikiri mwanawe anaamka, anamkumbuka, anatuma. Akawa anakaa na simu mkononi kuanzia saa mbili kasoro ili apokee naye akiwa macho upande wa pili. Baadaye kijana akamweleza, kwa fahari kabisa, kwamba amepanga mtambo utume wenyewe, hata yeye akiwa amelala au mgonjwa, mama hatakosa. Ilikuwa habari njema. Mama Stempu alimshukuru, akakata simu. Tangu siku hiyo hakuingoja tena saa mbili.

Kuzungumza walikuwa wanazungumza, lakini mtu anayeongea kwa mshahara akifika nyumbani anakuwa hana maneno. "Mama, leo nimepokea simu tisini na nne, koo limekauka," alikuwa anasema, na kweli sauti inakwaruza. "Pesa imefika?" "Imefika, baba." "Haya, mama. Lala salama." Dakika moja na nusu. Mama Stempu alikuwa anaweka akiba ya mambo ya kumwambia wiki nzima, mabati yanavyovuja, jirani alivyogombana na fundi, na anabaki nayo yote mdomoni.

Na kuja nyumbani? Miaka miwili hakuwa amekuja. Kila sikukuu ndiyo siku watu wanatumiana pesa nyingi, kwa hiyo kila sikukuu kazini kunakuwa moto.

Sasa tuingie kwenye kosa. Laini ya Mama Stempu ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mwanawe. Wakati ananunuliwa simu, kitambulisho chake kilikuwa kimechakaa hadi picha imefutika, akaambiwa asubiri kipya, na kijana akasema waiandike kwa jina lake kwa muda tu. Unajua "kwa muda tu" zinavyokuwa. Ilifika miaka minne, kitambulisho kipya kimeshatoka kitambo, kimelala kabatini. Sheria ya kampuni ikawa hivi: ukikosea namba ya siri mara tatu, akaunti inafungwa, na mwenye laini lazima afike mwenyewe kwenye duka la kampuni na kitambulisho chake na simu yenyewe mkononi. Simu ilikuwa kwa mama. Kitambulisho kilikuwa kwa mtoto, saa tisa kwa basi.

Mara ya kwanza alikosea kweli. Miwani ilikuwa mpya, vidole vikawa vinabonyeza jirani ya alichokusudia, na alipokuja kutulia akaunti ilikuwa imefungwa. Alilia kwa aibu. Mtu wa fedha yeye, afungiwe kama mlevi nje ya mlango wake.

Kijana akaomba ruhusa, akaja. Dukani walimaliza kwa dakika saba. Lakini basi la kurudi lilikuwa kesho kutwa, na hizo siku mbili, ndugu yangu, Mama Stempu aliziishi. Kijana alikaza bomba lililokuwa likidondosha maji tangu mwaka juzi. Alikula mayai matano asubuhi moja. Alilala mchana kwenye kochi, mdomo wazi, miguu imening'inia kwa urefu, na mama akakaa kiti cha pembeni akijifanya anashona kifungo. Sauti yake ilirudi siku ya pili. Ikawa ile ya zamani, yenye kicheko chini yake, na walizungumza hadi chai ikapoa mara mbili.

Akaondoka. Nyumba ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa. Mama Stempu aliosha kikombe alichonywea mwanawe, akakifuta, akakirudisha mezani badala ya kabatini, na kikakaa hapo wiki tatu.

Miezi mitano baadaye alikwenda kwa wakala wa kona, mwanamke mnene mwenye kibanda cha njano na mdomo usiopumzika. "Shikamoo, mama," wakala alisema. "Unatoa kiasi gani?"

Mama Stempu alishika simu. Namba ya siri ilikuwa mwaka aliozaliwa mwanawe. Kijana mwenyewe alishamkanya kwamba kila mwizi huanzia hapo, naye akamjibu kwamba mwizi wake hajui mwaka ambao yeye alipata uchungu wa kuzaa. Aliitazama ile namba ikimjia kichwani, waziwazi. Akabonyeza moja, moja, moja, moja. Akabonyeza tena. Akapumua. Akabonyeza mara ya tatu.

"Imegoma," alisema.

"Umesahau, mama?"

"Umri, mwanangu."

Jioni hiyo alimpigia mwanawe na kumpa habari kwa sauti ya unyonge ambayo, nakuapia, aliifanyia mazoezi mbele ya kioo. Kijana akashusha pumzi, akaja. Siku mbili nyingine. Alirekebisha mabati.

Mara ya tatu alipoifunga akaunti, mambo yalikuwa magumu. Wakala, kwa wema wake wa kuingilia, alipata wazo. "Mama, ya nini kumsumbua kaka? Iweke simu kwenye basi la asubuhi, konda atampa mkononi. Ataifungua kule kule na kuirudisha kesho."

"Simu isafiri peke yake?"

"Watu wanasafirisha hata televisheni."

"Televisheni haina siri za mtu," alisema Mama Stempu, na wakala akacheka hadi kibanda kikatikisika. Lakini kijana naye, alipopigiwa, alisema neno hilo hilo la basi. Mama Stempu akatoa sababu moja baada ya nyingine. Konda hamwamini. Kioo kitavunjika. Itaibwa. Hatimaye, sababu zilipokwisha, alinyamaza tu kwenye simu, na kijana akasikiliza ule ukimya. Akasema, "Sawa, mama. Nakuja Ijumaa."

Alikuja amekonda. Hakula mayai matano, alikula moja. Asubuhi alimwambia mama achukue na kitambulisho chake kipya kile cha kabatini, na mama akauliza cha nini. "Utaona," alisema.

Dukani mhudumu alikuwa msichana mwenye kucha ndefu za bluu zilizogonga mashine tik, tik, tik. Kijana alitoa kitambulisho chake, akaunti ikafunguliwa. Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi, "Na sasa tunahamisha umiliki. Laini iende kwa jina la mama. Akikosea tena hanihitaji mimi, anakuja hapa mwenyewe, dakika tano."

"Vizuri sana," alisema mhudumu. "Mama atakuwa huru."

Mama Stempu alikuwa amesimama upande wa wateja, jambo ambalo miaka yote hakulizoea. Alitazama kile kikioo kidogo cha alama ya kidole. Akiweka kidole pale, mwanawe hatakuwa na la kumleta. Asipoweka, itabidi aseme kwa nini, mbele ya foleni, na mbele ya huyu msichana wa kucha za bluu. Alifungua mdomo. Akaona mwanawe anavyosubiri, macho mekundu ya safari ya saa tisa, shati limekunjika mgongoni.

Aliweka kidole gumba. Mashine ikalia mlio mmoja mwembamba, ikamaliza. Hata mhuri haukugongwa.

Stendi, kabla ya basi, walikaa kwenye benchi. Kijana alikuwa anazungusha tiketi mkononi. "Mama," alisema, "kazini napokea watu waliosahau namba ya siri, thelathini au arobaini kwa siku. Aliyesahau kweli, akikosea mara ya pili anaogopa. Anaacha, anapiga simu, anauliza mtoto. Haharakishi ya tatu."

Mama Stempu alitazama magurudumu ya basi. Siku za mwizi ni arobaini, na zake zilikuwa zimefika.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile ya mabati."

"Na ukaja tena."

"Nilikuja." Aliikunja tiketi, akaikunjua. "Lakini wameanza kutuhesabia. Kila siku ya ruhusa inakatwa, na msimamizi ameniambia ya nne nisiombe. Nimeona bora nikuache na laini yako kuliko siku moja nikwambie siji, na wewe huna hata pesa ya mboga. Usinielewe vibaya, mama."

"Sijakuelewa vibaya, baba," alisema, na ilikuwa kweli. Ndiyo iliyomuuma. Angeelewa vibaya angepata wa kumkasirikia.

Basi likaondoka. Kijana aliahidi kuja mwisho wa mwaka, na mwisho wa mwaka ulifika na foleni zake za kutumiana pesa.

Mama Stempu sasa alikuwa na laini yake, jina lake, akaunti isiyomtegemea mtu. Wakala alimpongeza. Pesa iliingia tarehe tano, saa mbili na dakika moja. Alibonyeza namba sahihi na ikafunguka, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa mambo ya fedha hakukuwa na mwanamke aliyehudumiwa vizuri kuliko yeye mtaa mzima, na alikuwa anakonda kwa hamu ya mtoto.

Wazo lilimjia alasiri moja akisubiri maji yachemke. Nyuma ya kadi ya laini kulikuwa na namba ya bure ya huduma kwa wateja. Bure kabisa, mchana na usiku. Na kule mwisho wa ile namba, kati ya watu mia mbili, yupo wake, sauti bado mbichi, kabla ya simu ya tisini na nne.

Akapiga. Sauti ya mtambo ikamwambia simu yake itarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma, abonyeze sifuri kuzungumza na mhudumu. Akabonyeza. Ukapigwa muziki. Akapokea msichana, akamwita mama, akamuuliza amsaidie nini. Mama Stempu akauliza salio lake, akaambiwa, akashukuru. Kesho yake akapiga tena, akapata mwanamume mwenye mafua. Keshokutwa, msichana mwingine.

Wote waliuliza kwa utaratibu ule ule. Tarehe ya kuzaliwa, kwa usalama. Nikusaidie nini leo? Na mwisho, kabla ya kukata: je, kuna jambo lingine? Alikuwa anajibu hapana, ahsante, mwanangu, ubarikiwe. Alijifunza kupiga saa kumi, foleni inapopungua. Aliwazoea hadi yule wa mafua akamwuliza kama amepona mguu, maana aliwahi kumtajia. Kwa hesabu ya posta, watu mia mbili, simu moja kwa siku, anaweza kungoja mwaka na asimpate. Alishawaambia wengine wangoje zaidi ya hapo. Alikuwa na kiti, alikuwa na chai, na kwa nusu dakika ya muziki kila alasiri alikuwa na tumaini kamili, lisilopungua.

Siku ya sitini na tatu muziki ulikatika katikati.

"Asante kwa kupiga simu huduma kwa wateja. Nikusaidie nini..."

Sauti ilisimama. Kwenye kioo cha mhudumu huwa linatokea jina la mwenye laini. Zamani lingetokea jina la kijana mwenyewe. Sasa lilitokea la mama yake, majina yote matatu, na la mwisho likiwa la babu yake, ambalo ndilo lake.

Mama Stempu alishika simu kwa mikono miwili. Nyuma ya mwanawe alisikia ukumbi mzima unavyonong'ona, sauti mia na tisini na tisa za watu wengine. Alijua simu inarekodiwa, na alijua kazi ya dirishani. Hutamwita mwenzio kwa jina la nyumbani msimamizi akiwa mgongoni.

"Kwa usalama," kijana alisema, akakohoa, "naomba tarehe yako ya kuzaliwa, mama."

Akaitaja.

"Ahsante. Nikusaidie nini leo?"

Alikuwa na miezi saba ya maneno. Bomba limeanza tena kudondosha. Jirani amehama. Kikombe kimepasuka mkono. Yote yalikimbia, kama yalivyokuwa yanawakimbia wale wazee kwenye dirisha namba mbili, waliosafiri siku nzima na wakifika wanasema tu, nimekuja.

"Sina shida, mwanangu," alisema. "Akaunti ni nzima. Namba ya siri naikumbuka. Nimekukumbuka na wewe, basi."

Akasikia vidole vinagonga kibodi, polepole, neno baada ya neno.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Najaza fomu, mama. Lazima niandike sababu ya mteja kupiga."

"Umeandika nini?"

"Hiyo hiyo uliyosema."

Vidole vikaacha kugonga. Mama Stempu alimsikia akivuta pumzi puani, kwa nguvu, kama alivyokuwa anafanya utotoni akikataa kulia mbele za watu. Sheria ya kazi ilimtaka aulize swali moja la mwisho ndipo akate, na aliuliza, neno kwa neno kama lilivyoandikwa, ila taratibu sana.

"Je, kuna jambo lingine ningeweza kukusaidia?"

"Hapana," alisema Mama Stempu. "Ni hilo hilo moja."